Rais wa Koperative Yenu Alichaguliwa na Nani?

Mchimbaji wa dhahabu katika Kabambare hawezi kuchimba kihalali akiwa peke yake. Sheria inamtaka awe ndani ya koperative, na koperative yenyewe iwe imekubaliwa na Waziri wa Madini kule Kinshasa. Hilo tunalielewa. Lakini mshike mchimbaji huyo mkono, umwulize taratibu: rais wa koperative yenu alichaguliwa lini? Mlikutana wapi? Nani alishindana naye? Mara nyingi atakutazama kama mtu aliyeulizwa nani alipiga kura ili mvua inyeshe. Rais yupo, muhuri upo, risiti zipo. Uchaguzi ndio haujulikani.

Gazeti hili linapiga ngoma ya hatari leo, wakati bado kuna muda wa kusikilizana. Kusini mwa Maniema, kuanzia Kasongo mpaka kule Kabambare inakopakana na Fizi, unajengwa tena utaratibu ambao wazazi wetu waliuishi na sisi tulidhani umezikwa. Kila kundi la watu linapewa chombo kimoja cha kulisemea. Chombo hicho kinatambuliwa na serikali, kinalishwa na kampuni au na mnunuzi mkubwa, na wale kinaowasemea hawana njia ya kukiondoa. Wachimbaji wana koperative. Vijana, akina mama, machifu na wazee wa mila wana wajumbe wao kwenye kamati za kampuni. Wafanyakazi wana sendika. Kila mtu amekwisha kupangiwa mdomo, na mdomo huo unakula kwa mtu mwingine.

Wasomi wa siasa huuita mpango huu ukorporati. Katika hali ya kawaida watu hujikusanya wenyewe, wakaenda kudai. Katika ukorporati serikali ndiyo inayowakusanya: inawagawa kwa kazi zao, inakubali chombo kimoja kwa kila kundi, kisha inaketi mezani na vyombo vyake na kutangaza kwamba imezungumza na taifa zima. Italia ya Mussolini iliendeshwa hivyo. Ureno ya Salazar pia, na majirani zetu wa Angola waliyaonja matunda yake. Anayedhani hayo ni mambo ya Ulaya tu, na atazame mji wake.

Kasongo ilikuzwa na biashara iliyovaa kofia ya utawala. Februari 1887, huko Zanzibar, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, alitia sahihi na Stanley mkataba uliomfanya gavana wa Stanley Falls kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili. Mshahara: pauni 30 kwa mwezi, fedha ambayo kwa tajiri wa pembe kama yeye haikuwa kitu. Alichokipata ni bendera juu ya biashara yake, na Leopold akapata utawala bila kulipa jeshi. Watu waliokuwa wakibebeshwa pembe na kuuzwa hawakuwemo katika karatasi ile. Kasongo ilipoanguka mikononi mwa jeshi la Leopold chini ya Dhanis mwezi Aprili 1893, wakubwa walibadilika. Namna ya kupatana juu ya vichwa vya watu ilibaki ileile.

Tarehe 4 Januari 1902 ilizaliwa kampuni ya reli tunayoijua kwa herufi tatu, CFL, chini ya Mbelgiji tajiri, Baron Édouard Empain. Ili ijenge reli ya kuunganisha Kongo ya juu na Maziwa Makuu, dola ya Leopold iliipa hekta milioni 4 za ardhi pamoja na haki ya madini yaliyomo. Reli ya Kindu hadi Kongolo, inayopita Kibombo, ilifunguliwa kabla ya Vita Kuu ya kwanza. Tuwe wakweli: reli ile ilikuwa kazi kubwa, na leo, tunaposubiri treni ya SNCC bila kujua itafika mwezi gani, tunaona thamani yake zaidi kuliko babu zetu waliolazimishwa kuijenga. Lakini kampuni ya reli ikawa pia mwenye ardhi, mwenye madini na mwenye kusema nani achimbe wapi. Kutoka katika haki zile ndipo yalipofunguka machimbo ya bati ya Maniema, na mwaka 1932 Symétain ikaundwa, na mji wa Kalima ukaota kuzunguka kampuni: nyumba za kampuni, hospitali ya kampuni, duka la kampuni, shule ya kampuni. Mwaka 1928 tayari ilikuwa imeundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, CNKi, kugawa ardhi kwa walowezi; kampuni na dola wakiwa wamekaa kiti kimoja.

Na mkulima? Tangu 1917 sheria ilimruhusu mtawala kumlazimisha mwanakijiji alime zao aliloambiwa, na kuanzia 1921 kila eneo la pamba likawa na kampuni yake moja ya kununua, kwa bei ambayo mkulima hakuijadili. Wazee wa Kasongo waliolima pamba, na baadaye mpunga wa lazima wakati wa Vita vya Pili, walijua jambo moja bila kusomeshwa: mnunuzi akiwa mmoja na serikali ikiwa nyuma yake, neno bei linapoteza maana.

Lakini mwalimu mkubwa wa ukorporati katika nchi hii alikuwa mwananchi mwenzetu.

Mwaka 1967 Mobutu aliunda chama chake, MPR. Mwaka huohuo vyama vikuu vitatu vya wafanyakazi viliunganishwa kuwa kimoja, kilichokuja kuitwa UNTZa. Vijana wakawekwa katika JMPR. Wenye biashara wakapata chao mwaka 1972, ANEZA. Kila Mzaire akawa mwanachama wa MPR kwa kuzaliwa tu. Mtu aliyekuwa kiongozi wa sendika, André Bo-Boliko, akawa spika wa Bunge, kisha mwaka 1979 waziri mkuu. Hatumlaumu mtu binafsi hapa. Tunataka msomaji autazame mpangilio: mtetezi wa mfanyakazi na mwajiri mkubwa wa nchi walikuwa watu wa chama kimoja, na pengine walikula meza moja jioni. Hata Jumamosi ya salongo, kazi ya kufyeka na kuzibua mifereji, iliitwa kazi ya hiari. Wanaoikumbuka wanajua hiari yenyewe ilisimamiwa na nani.

Tazama kilichowapata wafanyakazi wa machimbo yetu. Mwaka 1976 makampuni ya Kivu na Maniema yaliunganishwa kuwa SOMINKI, na dola ikawa na hisa ndani yake. Oktoba 1985 soko la bati la dunia likaanguka. Mishahara ikachelewa, maduka ya kampuni yakawa matupu, mashimo yakafungwa moja baada ya jingine. Mfanyakazi aliyetaka kulalamika angeenda wapi? Kampuni ilikuwa na serikali ndani yake. Sendika ilikuwa mkono wa chama. Chama kilikuwa ndiyo serikali. Alizungukwa na vyombo vinavyomwakilisha, na hakuna hata kimoja kilichoweza kugoma kwa ajili yake. Ndipo watu waliposhika nyundo na karai na kuanza kuchimba usiku, na uchimbaji wa leo umeanzia hapo. Wakubwa wanaowaita wachimbaji hawa watu wa fujo wangefanya vema kukumbuka ni nani aliyewaacha bila mlango mwingine.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alifungua vyama vingi. Watu walicheza ngoma. Tulidhani vyombo vile vimekwisha siku ile.

Sasa tuje Namoya, kule Kabambare, maana hapo ndipo kengele inapolia zaidi. Dhahabu ya Namoya ilichimbwa tangu enzi ya Wabelgiji. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni ya Kanada, Banro, iliingia katika mali ya SOMINKI. Mwaka 1997 ikaundwa kampuni ya SAKIMA, Banro ikiwa na asilimia 93 na dola asilimia 7. Julai 1998 Laurent-Désiré Kabila akaivunja kwa dekreti. Banro ikaenda mahakamani ikidai dola bilioni 1. Mwaka 2002 wakapatana: bati likabaki kwa dola, na Banro ikapewa dhahabu ya Twangiza, Kamituga, Lugushwa na Namoya, asilimia 100, pamoja na miaka 10 ya kutolipa kodi tangu uzalishaji uanze.

Msomaji, usome tena mstari huo wa mwisho. Mwaka 2002 nchi ilikuwa vitani na imegawanyika. Maniema yenyewe ilikuwa mikononi mwa waasi wa RCD. Watu wa Kabambare hawakuwa na mbunge waliyemchagua, hawakuwa na gavana waliyemjua, na barabara ya kufika Kinshasa haikuwepo. Katika hali hiyo ndipo vilima vyao viliandikwa jina la mtu mwingine. Hatusemi mkataba haukuwa halali. Tunasema hakuna sauti ya Kabambare iliyosikika katika chumba kile, na hakuna aliyeona kasoro.

Banro ilianza kumwaga dhahabu ya kwanza Namoya, ikatangaza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016. Vilima vya Mwendamboko, Kakula na Muviringu, ambako watu walikuwa wakichimba na kulisha nyumba zao, vikawa mashimo ya kampuni. Ilikuwepo Banro Foundation iliyojenga shule na vituo vya afya, na mtoto aliyesomea katika darasa lile hana sababu ya kulichukia. Shida ni ile hesabu iliyoingia vichwani: shule ni ya kampuni, daraja ni la kampuni, basi mwenye kulalamikia kampuni anaipinga shule. Mtawala wa eneo akitaka mafuta ya gari, anaangalia upande wa kampuni. Chifu akitaka bati za paa, vilevile. Mjumbe wa kamati akitaka mwanawe aajiriwe, vilevile. Hapo kamati inakuwa mlango wa kuombea kazi, na mwenye kuomba kazi hagombani na mwenye kuitoa.

Tunajua lililofuata. Kundi la Mai-Mai Malaika lilishika bunduki kuzunguka Salamabila, mji ulio jirani na mgodi wa Namoya. Julai 2019 wafanyakazi wanne wa mgodi walitekwa, na Septemba mwaka ule Banro ikasimamisha kazi Namoya. Kampuni ilikuwa imeshaanza kuzama kabla ya hapo: Desemba 2017 iliomba kinga ya mahakama huko Kanada dhidi ya wadai wake. Baadaye mgodi ukapita mikononi mwa wengine. Gazeti hili halijawahi kusifu bunduki na halitaanza leo. Waliouawa, waliokimbia mashamba, akina mama walioteswa njiani hawakuwa wakurugenzi wa Toronto. Tunachosema ni kwamba mahali ambapo kamati zote zimenunuliwa, mwenye hasira haoni kamati ya kumpelekea hasira yake. Wapo wanaotuambia kwamba dawa ya Salamabila ni askari zaidi. Askari wamekuwepo. Kinachokosekana ni mtu mmoja aliyechaguliwa na wachimbaji wenyewe, ambaye kampuni, jeshi na gavana wanalazimika kumsikiliza.

Sheria, kwa haki yake, imejaribu. Sheria ya Madini ilipogeuzwa Machi 2018 iligawa mrabaha kwa namna ambayo kila mtu wa Kabambare angepaswa kuijua kama anavyojua bei ya chumvi. Mrabaha wa dhahabu ni asilimia 3.5. Chukua dhahabu ya kampuni yenye thamani ya dola 1,000,000. Mrabaha ni dola 35,000. Serikali kuu inachukua nusu, dola 17,500. Jimbo linapata 8,750. Mfuko wa vizazi vijavyo 3,500. Sekta au chefferi ambako shimo lipo inapata asilimia 15, yaani dola 5,250. Juu ya hapo kampuni inapaswa kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka: katika milioni ile, dola 3,000. Kuna pia kaye ya masharti, mkataba wa kampuni na wenyeji kuhusu barabara, maji, shule na zahanati.

Dola 8,250 kwa kila milioni si utajiri, lakini ni madarasa. Ni pampu ya maji. Sasa tunauliza: akaunti ya sekta ni ipi? Nani anatia sahihi ya kutoa fedha? Wajumbe wa wananchi katika chombo kinachosimamia ile asilimia 0.3 waliteuliwa katika barza gani? Kaye ya masharti ilisomwa kwa Kiswahili mbele ya nani? Kama jibu ni kwamba wajumbe waliletwa na mtawala baada ya kushauriana na kampuni, basi tumekwisha kurudi enzi ya MPR, tofauti ikiwa ni kofia tu.

Upande wa uchimbaji mdogo hali ni mbaya zaidi, kwa sababu imejificha vizuri zaidi. Sheria inasema uchimbaji mdogo ni wa Wakongomani, ndani ya koperative. Inakataza pia wafanyakazi wa serikali, mahakimu, askari na polisi kumiliki haki za madini. Watafiti waliopita katika machimbo ya mashariki mwa nchi wamerudia neno lilelile: koperative nyingi ni za mtu mmoja. Rais wake ni mfanyabiashara, au mwanasiasa, au ndugu wa ofisa ambaye sheria inamkataza. Mchimbaji anapewa kadi, anakatwa sehemu ya mchanga wake, na hajui hata kama ana haki ya kuona kitabu cha hesabu. Koperative ya namna hiyo imekuwa kizuizi kingine cha barabarani, chenye muhuri.

Jirani zetu wa Mwenga, Kivu Kusini, walituonyesha hatua inayofuata. Agosti 2021 gavana Théo Ngwabidje alisimamisha makampuni sita ya Kichina yaliyokuwa yakichimba dhahabu kwa mashine baada ya wananchi kulalamika juu ya mito na mashamba yao. Mtindo wenyewe wameueleza wengi: koperative ya wenyeji ina karatasi, mgeni ana mashine, wanatia sahihi ushirikiano, na ghafla haki iliyowekwa kwa ajili ya mchimbaji maskini inafungulia mlango kampuni isiyolipa mrabaha wa kampuni. Mgeni hatukani sheria. Anajipanga foleni nyuma ya mwenyeji. Mito ya Kabambare ina dhahabu kama ile ya Mwenga, na njia za mashine ni zilezile. Asije mtu kesho akasema hakuonywa.

Tena kuna upande wa mnunuzi. Mwishoni mwa 2022 Kinshasa ilipatana na Falme za Kiarabu kuunda Primera Gold, kampuni ya kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo, wageni wakiwa na asilimia 55 na dola 45. Baadaye dola ikaichukua yote na kuiita DRC Gold Trading. Nia iliyotangazwa ni njema: kuzuia dhahabu isitoroshwe kwenda nje kwa njia za panya. Hatupingi. Lakini ukikusanya pamoja mnunuzi mmoja anayependelewa na dola, koperative zinazokubaliwa na waziri, na marais wa koperative wasiochaguliwa, unapata picha ambayo mkulima wa pamba wa mwaka 1921 angeitambua upesi. Na tangu Bukavu ianguke mikononi mwa waasi wa M23 mwezi Februari 2025, manegosia wetu wengi, yaani wachuuzi wa dhahabu, wamepoteza soko lao la kawaida. Mtu aliyekatiwa soko hujadili bei akiwa amepiga magoti.

Kuna wanaotujibu, na baadhi yao ni watu tunaowaheshimu. Wanasema: bila kampuni hakuna barabara; Barabara ya Taifa Nambari 2 ipo kwenye ramani, lakini waliopita na mzigo wa mpunga kutoka Kasongo wakati wa masika wanajua ramani haivushi lori. Wanasema pia kwamba watu mia moja wakisema mambo mia moja hakuna kitakachojengwa. Afadhali meza moja, wajumbe wachache, neno moja. Na wana mfano: Sweden, ambako mwaka 1938 muungano wa sendika na muungano wa waajiri walikaa Saltsjöbaden wakapatana jinsi ya kugombana bila kuangusha nchi. Nchi ile ilitajirika.

Ni kweli. Lakini waliokaa Saltsjöbaden walifika na nguvu zao wenyewe. Sendika ilikuwa na wanachama waliolipa ada kwa hiari, iliweza kuita mgomo na mgomo ukatokea, na kiongozi wake angeweza kuondolewa na waliomchagua. Serikali haikuwateulia mjumbe. Meza ile ilisimama kwa sababu kila upande ungeweza kuinuka na kuondoka. Mjumbe wa Salamabila akiinuka na kuondoka, kesho kiti chake kina mtu mwingine, na posho yake pia.

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni wa Tanzania. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao cha ushirika, KNCU, tangu 1933. Wakulima wa pamba wa kando ya Ziwa Victoria nao wakajenga muungano mkubwa wakiwa na kijana Paul Bomani. Vyama vile vilisomesha watoto na vilimlazimisha mnunuzi ajadili. Mwaka 1964 vyama huru vya wafanyakazi vilivunjwa, ikaundwa NUTA, na katibu mkuu wake, Michael Kamaliza, akiwa papo hapo Waziri wa Kazi. Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vya ushirika vyenyewe ili mamlaka za mazao zinunue moja kwa moja. Mwalimu Nyerere hakuwa mwizi, na nia yake hatuishuku hata kidogo. Hata hivyo mkulima alipunjwa, mazao yakapita njia za kificho, na mwaka 1982 sheria ikabidi irudishe ushirika. Kuurudisha kwenye karatasi kulikuwa rahisi. Uaminifu wa wanachama ulichukua muda mrefu sana kurudi, na mahali pengine haujarudi mpaka leo. Ikiwa mtu mnyofu aliharibu hivyo, sisi tunatarajia nini kwa wasio wanyofu?

Tumetaja mpunga, na hatutaki upite kimya. Mkulima wa Kasongo hana hata hicho chombo cha bandia. Madini yana waziri, koperative, kamati na asilimia. Mpunga una msukuma baiskeli na mfanyabiashara anayefika na bei yake mfukoni. Wasomaji wetu wengi wanaishi kwa mpunga kuliko kwa dhahabu, na siku watakapoletewa shirika la wakulima tayari limeshapangwa, na rais, na katibu, na fulana, waulize maswali yaleyale.

Tunayodai yanaweza kufanyika mwaka huu bila sheria mpya. Mtawala wa eneo la Kabambare atangaze kwenye barza kiasi cha mrabaha kilichoingia katika kila sekta na chefferi, na kilichotumika. SAEMAPE, ambayo kazi yake kwa sheria ni kuwasaidia wachimbaji wadogo, ipeleke watu machimboni wakasimamie uchaguzi wa koperative kwa kura ya siri, orodha ya wanachama ikiwa imebandikwa siku kadhaa kabla, na koperative isiyokubali uchaguzi Waziri asiiongezee kibali. Wajumbe wa wananchi kwenye kamati za kampuni wachaguliwe vijijini kwa muda maalumu. Posho yao ilipwe na fedha ya jamii na itangazwe, wasipokee hata lita moja ya mafuta kutoka kwa kampuni. Maofisa na askari wenye hisa za kificho katika koperative wanajulikana. Mwendesha mashtaka hana haja ya kuwatafuta mbali. Wabunge wa jimbo huko Kindu waite kaye ya masharti ya Namoya mezani kwao, isomwe hadharani, ipigiwe chapa kwa Kiswahili.

Ukurasa huu uko wazi kwa kampuni, kwa marais wa koperative, kwa machifu na kwa gavana. Atakayetuletea tarehe ya uchaguzi, majina ya wagombea na idadi ya kura, tutayachapa yote kama yalivyo. Na wewe mchimbaji, mara nyingine utakapoletewa karatasi ya kuweka dole gumba, iwe ni usiku au mvua inanyesha au gari la mgeni linanguruma nje, waambie waisome kwanza kwa Kiswahili mpaka mstari wa mwisho, wakuachie nakala.